Somo la Nne

Wakubwa walikwisha kupitisha: kichwa cha mwanafunzi kinabeba masomo matatu, na anayetaka la nne sharti afutwe kumbukumbu moja, ichaguliwe na mashine.

"Kaombe chuo na hayo matatu, mwanangu," Mbwilo alimsihi Sikudhani, akihangaika jikoni kama kuku anayetaka kutaga. "Watoto wa hao wakubwa wenyewe nani kawafuta?"

"Udaktari unataka manne, Baba. Huenda wakafuta upuuzi tu."

Sikudhani alirudi jioni kutoka kwenye mashine, anacheka, akachemsha chai, akammiminia baba yake. Mbwilo alionja, akakuta haina chumvi. Akaifuata mwenyewe, akatia kidogo, kama marehemu mkewe alivyomzoesha, kama Sikudhani alivyomtilia hadi asubuhi ile.

"He! Baba, chumvi kwenye chai? Nani kakufundisha?"