Mashuka Juu ya Mabati

Nanyama aliinamia picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, akaliona shuka lake mwenyewe.

Lilikuwa doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, juu ya chumba chake kule bondeni, chini ya mtaa wa Kileleshwa. Mengine arobaini yalichomoza kati ya mikaratusi.

Yeye ndiye aliyewaambia majirani wayatandike. Alisikia hapo kwenye ofisi ya ramani, alipofanya kazi, kwamba ndege ingepita Jumanne, kwa ajili ya ramani ya mabomba ya maji. Mabati yao yalikuwa yameshika kutu, rangi moja na udongo, na aliogopa wasije wakasahaulika. Kina mama walitoa hata mashuka ya harusi.

Mlango ukafunguliwa. Mkubwa wake aliingia na mzee mwenye koti la kijivu, aliyekuja kununua nakala ya picha hiyo.

Mzee alishika kioo cha kukuza, akatazama bila haraka.

"Askari wangu walizunguka huko siku nzima," alisema. "Wakaniambia ni vibanda kumi tu."

"Ndege haichoki, mzee," mkubwa akajibu.

"Hii ni ya maji, si ndiyo?" Nanyama aliuliza.

"Ya maji ni ya wenye maji. Mimi nataka shamba langu." Mzee akamsogezea kalamu nyekundu. "Nitilie alama kila penye nyeupe, binti. Dereva wa tingatinga hajui kusoma ramani."

Akaweka kidole juu ya picha, kikafunika chumba cha Nanyama chote.

"Anza na hapa."