Mpira wa Rejeta

Mpira wa rejeta ulipasuka tena kabla hawajatoka mjini. Chande alishuka akitukana, akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni.

"Baba Rehema, tupande basi," mkewe alisema kutoka kitandani, maana gari lile kuukuu lilikuwa na kitanda na jiko nyuma. "Mwanao ameshashikwa na uchungu. Nataka nimpokee mjukuu kwa mikono yangu."

"Basi la nini, na gari unalo?"

"Gari? Paa umeliziba kwa lami, kioo umekigandisha kwa gundi. Hili banda la kuku lenye matairi."

Chande aliuinamia mpira uliopasuka. Vipande vya tyubu alivyozoea kuufungia vilikuwa vimekwisha kwenye matengenezo ya jana. Alipapasa nyuma ya kiti, akashika kitambaa laini, akakichana bila kukitazama na kuufunga mpira kwa nguvu zake zote. Akajaza maji, akawasha. Injini ikanguruma, wala halikuvuja tone.

"Si unaona!" alipiga kelele.

Mama Rehema aliteremka, akainama kwenye injini.

"Hiyo kanga ilikuwa ya mtoto."

"Nitanunua nyingine njiani."

"Mpya inakwaruza, Baba Rehema. Hiyo nimeifua mwezi mzima ili ilainike."

Alichukua kikapu chake, akavuka barabara kwenda kituoni. Chande alipiga honi, akapiga tena. Hakugeuka. Injini iliendelea kunguruma vizuri kuliko siku zote, na mlango alioshukia mkewe ulikuwa wazi, ukitikisika taratibu.