Gari Lililonuna

Mzee alifunga mlango wa gari kwa kishindo, akaufungua, akaufunga tena. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo: suti ya kijivu, viatu vinang'aa, sweta la mkewe limekunjwa vizuri kwenye kiti cha pembeni, na yeye mwenyewe nyuma ya usukani wa gari lisilowaka.

Mwalimu wa chekechea, mpangaji mgeni wa nyumba ya jirani, alikuwa akimtazama kutoka dirisha la jikoni. Alishaijua asubuhi hiyo kwa moyo. Mzee atazungusha ufunguo, gari litalia tk, tk, tk, kisha litanyamaza. Mlango utapigwa tena na tena mpaka binti yake atoke, mwanamke mzima, bado na gauni la kulalia na alama za mto shavuni.

"Limegoma tena, Baba?" atasema. "Basi, Mama tutamfuata hospitali kesho. Njoo tunywe chai."

Mwalimu hakumpenda yule binti. Hajawahi kumwona akianika nguo wala akienda dukani. Mapazia ya chumba chake yalifungwa kutwa. Baba anahangaika kumfuata mgonjwa hospitali, mtoto anauchapa usingizi! Hata fundi hajamwitia.

Leo alishindwa kuvumilia. Alitoka na kifaa chake cha kubusti betri iliyokufa, kidude cha ukubwa wa kitabu kinene alichokinunua kwa ajili ya kigari chake mwenyewe kigonjwagonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Yule mtoto aliyekung'ata kidole wiki iliyopita, ameacha?"

"Ameacha. Sasa anang'ata wenzake."

Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Fungua boneti, baba. Leo Mama unamleta nyumbani."

Kicheko kikaishia njiani. "Achana nalo, mwanangu, utachelewa kazini. Gari hili limeninunia tu. Siku likitaka litaamka lenyewe."

"Watoto watanisubiri. Mgonjwa ndiye hawezi kusubiri."

Mzee aliutazama mlango wa nyumba, kisha akafungua boneti taratibu, kama mtu anayeona haya kusaidiwa.

Mwalimu alibana kibanio chekundu kwenye ncha chanya ya betri, cheusi kwenye hasi. Papo hapo taa za mbele zikawaka, kweupe vile.

"Baba! Kumbe ziliachwa zinawaka. Hizi ndizo zilizoimaliza betri."

"Eti eeh," mzee alisema, akazizima bila hata kuitafuta swichi.

"Haya, washa."

Gari lilikohoa, likatetemeka lote, likanguruma. Mwalimu alipiga makofi kama yuko mbele ya darasa lake. Alichomoa vibanio, akashusha boneti, na moyoni akajiona ametenda jambo la maana kuliko yote tangu aanze kazi. Mikono ya mzee ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

Mlango wa nyumba ulifunguka kwa nguvu. Binti alitoka mbio, peku, nywele timtim.

"Nani amewasha?"

"Mimi, dada. Nimeona mzee anateseka, na wewe..."

Binti alimdaka mkono, akamvuta mpaka kwenye kona ya ukuta, mbali na masikio ya baba yake.

"Unajua umefanya nini?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama alishafariki. Tulimzika kabla hujahamia hapa. Baba kumbukumbu zimemtoka. Kila kukicha anaamka, anavaa suti, anasema leo Mama anaruhusiwa. Ningemwacha aende? Akaambiwe na mtu wa mapokezi, mbele za watu, msiba umwangukie upya? Zile taa niliziacha mimi, dada. Usiku kucha. Betri niliiua mimi."

Kifaa kilikuwa bado mkononi mwa mwalimu, cha moto kidogo, na hakujua akiweke wapi.

"Nisamehe. Nilidhani... Nisamehe sana, dada. Ngoja nikamwambie azime."

"Utamwambia kwa sababu gani? Amengoja siku zote hizi limwakie." Binti alijifuta uso kwa kiganja. Aliitazama barabara kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Acha. Kama ni leo ataambiwa, basi niwepo nimshike. Mzuie tu asiondoke, navaa viatu."

Akaingia ndani.

Mwalimu alirudi garini, akainama dirishani. Alitafuta maneno, akapata sauti tu, ile anayobembelezea watoto walioachwa na mama zao getini.

"Baba, tungezima gari kidogo..."

Mzee aliinua kidole, akamnyamazisha. Alikuwa ametega sikio kwenye nyumba. Ndani, maji yalikuwa yakimwagika bafuni, kabati likafunguliwa, pazia likavutwa, shaa. Machozi yalimchuruzika mzee mpaka kwenye tai.

"Unamsikia? Ananawa uso," alinong'ona. "Mke wangu nilimteremsha kaburini kwa mikono yangu hii, mwanangu, sijasahau. Lakini tangu siku ile, mtoto huyu hatoki kitandani ila kuja kunizuia."