Mgeni wa Siku Mbili

Chizuko alikataa kupiga picha chini ya kaa. Wenzake wote wa msafara walikuwa wameshapiga, kila mmoja amesimama akicheka chini ya yule kaa mkubwa wa plastiki anayechezesha miguu juu ya mlango wa mkahawa. Yeye alikuwa akitazama upande mwingine, kwenye nyuso za watu waliofurika mtaa wa Dotonbori.

"Toka jana huangalii kitu," alisema Harue, jirani yake aliyetoka naye Kanazawa. "Ngome ya Osaka umeipita kama mtu anayetafuta choo. Kaka Kunihiko akiniuliza nilikutembeza wapi, nimwambie nini?"

"Mwambie nilitembea sana."

"Hilo si uongo. Miguu yangu ni shahidi."

Kunihiko, kaka yake Harue, alikuwa seremala mjane, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyewafikisha kituoni jana alfajiri, akasimama kwenye baridi mpaka basi likapotea.

Harue hakujua kwa nini rafiki yake alitaka sana safari hii. Mwezi uliopita Chizuko alikuwa akikunja nguo mbele ya televisheni, kipindi cha vyakula vya Osaka kikiendelea, mara nyuma ya mtangazaji akaonekana mwanamume akigeuza takoyaki, zile kaimati za pweza, chini ya pazia jekundu. Alionekana kwa kitambo kidogo tu, kisha kamera ikageukia kwingine. Lakini bega lile la kushoto, namna lilivyoinuka kila mkono ulipofanya kazi, Chizuko alilijua. Lilikuwa la mumewe, Noriaki, aliyeaga asubuhi moja kwenda kazini, mwaka ule binti yao alipoanza sekondari ya juu, asifike kazini wala asirudi nyumbani. Polisi walitafuta, wakachoka.

"Nakwenda kununua kitu," Chizuko alimwambia Harue. "Nikichelewa nitakukuta darajani."

"Basi linaondoka saa kumi, mwenzangu. Osaka haitakurudisha kwenu."

Aliingia kwenye umati. Vichochoro vilifanana, harufu ya mafuta na sosi ikimfuata kila alipogeuka. Alimsimamisha mama mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni, akamuuliza kibanda cha takoyaki chenye pazia jekundu.

"Hapa mapazia yote ni mekundu, mama. Unataka cha mpishi mzuri au cha mpishi mwenye maneno?"

"Mwenye bega moja juu."

Yule mama alinyoosha ufagio.

Noriaki alikuwa amekonda, mvi zimemjaa. Alikuwa akimtania mteja mnene aliyeegemea meza: "Sahani ya tatu hiyo, bwana. Mkeo akikuandalia chakula utamwambia nini?" Mteja akacheka. Noriaki naye akacheka, akainua macho, akamwona Chizuko. Kile chuma chembamba cha kugeuzia kikasimama hewani.

"Mgeni?" aliuliza.

"Mgeni. Nimekuja kutembea tu."

"Peke yako?"

"Na msafara."

Alianza kumpakulia. Sosi ikamwagikia vidole vyake.

"Mayu hajambo?"

"Hajambo. Ni muuguzi siku hizi."

"Muuguzi? Yule aliyekuwa anazimia akiona damu?"

"Siku hizi hazimii."

"Bwana, zangu zinaungua," alisema mteja mnene. Noriaki hakumsikia.

"Nilisema nitakaa wiki moja tu, akili itulie," alisema. "Kisha nikaona haya ya hiyo wiki. Kisha nikaona haya ya mwezi. Mwishowe haya ikawa ya miaka, Chizuko, na hiyo mtu huivuka vipi?"

Chizuko alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, mengine makali, mengine ya kubembeleza. Yote yalimpotea. Alichokiona ni kwamba mtu huyu anapumua, ana kovu jipya la moto kwenye kiganja, anacheka na wateja. Mzima kabisa.

"Nirudi na wewe," alisema Noriaki. "Nazima jiko, nachukua koti, basi. Garini kuna nafasi?"

"Ipo."

"Kweli?"

"Viti vya nyuma vitupu."

"Nisubiri darajani. Tafadhali, usiondoke."

"Fanya haraka," alisema Chizuko.

Alitembea hadi darajani, sahani ya kaimati ikipoa mkononi, bila kuonja hata moja. Harue alikuwa hapo, mifuko ya zawadi imemning'inia pande zote.

"Wameshapanda wote, tunakusubiri wewe. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Kuna mtu kakufanyia kitu?"

"Hakuna mtu."

Noriaki alitokeza kwenye kichochoro, koti limeingia mkono mmoja. Alikuwa akisukuma watu na kuomba radhi, shingo ameinyoosha, anatafuta juu ya vichwa. Kati yao kulikuwa na daraja zima la watu. Alikuwa bado hajamwona.

Jumatatu asubuhi theluji ya kwanza ilianguka Kanazawa. Kunihiko alimpeleka Chizuko mjini kwa gari lake, akabaki nje akipangusa vioo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Ndani, jaji wa mahakama ya familia alilifungua shauri ambalo Chizuko alilipeleka tangu kiangazi. Akamuuliza kwa upole kama, katika miaka hii saba, amewahi kumwona mumewe au kusikia habari zake zozote.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Chizuko. "Naomba atangazwe kuwa amekufa."