Kinda wa Mnana na Zawadi ya Mwalimu Kanga

Zamani ndege walipokuwa na shule yao, kinda wa mnana aliwashinda wenzake wote kusuka majani. Ghafla akaanza kusuka ovyo. Mwalimu Kanga, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akamwita mama wa kinda.

"Mama Mnana, mwanao amekuwa mzito wa kichwa. Mwakani atarudia darasa."

Mama akamgeukia kinda. "Haya, sema. Umepatwa na nini?"

"Nikimaliza mafundo kumi mapema, Mwalimu ananiongezea kumi mengine yale yale. Wenzangu wanacheza, mimi nafunga mafundo. Nikivuruga naitwa mjinga, lakini natoka nao."

Kanga akainama. Miaka yote aliiona kazi ile ya ziada kuwa zawadi.

"Basi nieleze," akasema polepole. "Kiota chenu kina mlango chini; mayai hayaanguki vipi? Mimi nataga chini, sijui."

Kinda akachukua unyasi, akaukunja, akaufumua, akaanza upya. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka mbio.

"Nenda ukacheze," mama akasema.

"Ngoja kwanza, mama. Mwalimu, hebu nishikie hapa."

Kanga akashika, na la kurudia darasa hakulitaja tena.