Viatu Chini ya Ndizi

Mokeira alivua viatu nyuma ya kituo cha mafuta, akavificha kikapuni chini ya ndizi. Kwao Ogembo kila mtu alijua kwamba karani wa kliniki ile ya mjini Kisii huanza kwa kukutazama miguu, ndipo akutajie bei.

Lakini leo karani hakumtazama mtu miguu. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta, iliyoletwa mwezi huo wa Machi, mwaka wa tisini na saba.

"Ngiri, upasuaji," alisema bwana wa suti aliyemtangulia.

Karani akabonyeza. Mashine ya pembeni ikalia kama nyenze, ikatoa karatasi yenye vitundu ubavuni: daktari, dawa ya usingizi, nyuzi, kitanda. Shilingi elfu saba.

"Na wewe, mama?"

"Ni mume wangu. Ngiri pia."

Mashine ikalia vilevile. Mokeira akaiweka karatasi yake kando ya ile ya bwana, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Hata nyuzi zilikuwa bei moja.

"Nyasae, Mungu wangu!" alinong'ona. "Hii kweli ni yangu?"

"Ni yako, mama."

Akaketi kwenye benchi, mbele ya watu wote, akatoa viatu kikapuni, akaanza kufunga kamba.