Sanda ya Abiria wa Almasi

Zama hizo abiria aliyerudiarudia kusafiri kwa meli ya anasa alitunukiwa daraja la Almasi, na Almasi hashuki melini hata akifa. Bi Mwanakheri alifika gatini na sanda ya mumewe kwapani.

"Nipeni maiti yangu nikazike."

"Pole, mama," karani alitabasamu. "Mzee Shekue yuko chumba cha dirisha kubwa, chenye ubaridi mzuri na maua mapya kila wiki."

"Maua! Maiti hanusi, mwanangu, maiti huzikwa."

"Tena safari zake zinakupandisha wewe. Hongera, umefika daraja la Dhahabu."

Bi Mwanakheri akatema mate sakafuni. Karani akainama, akayafuta kwa kitambaa cheupe, kama makarani walivyofunzwa kuwahudumia watu wa Dhahabu, kisha akamuuliza kama angependa chumba cha kando ya mumewe.